Vigombo vidogo ndani ya kopo la bati: trela za sinema zilivyotumika na kubaki kwetu Dodoma

Mbukwa mleta uzi.

Umesema umekuta kopo la bati kwenye stoo ya marehemu babu yako huko Kondoa, ndani mna vigombo vya mkanda wa filamu vilivyofungwa mpira, na babu aliwahi kufanya kazi sinema Dodoma mjini. Unauliza ni nini, kama ukumbi uliruhusiwa kubaki navyo, na kama vina thamani yoyote. Wachangiaji wa juu wamekwambia ni filamu fupi. Siyo. Kwa maelezo yako hizo ni trela, yaani vipande vifupi vya kutangaza filamu ijayo, na nasema hivyo kwa sababu nimekaa chumba cha mashine cha ukumbi mmoja hapa mjini, kwanza kama kijana wa kurudisha mikanda nyuma, baadaye kama opareta, hadi video ilipotumalizia wateja.

Mashine ya milimita 35 inakula picha 24 kwa sekunde, ambayo ni futi 90 kwa dakika. Trela ya dakika mbili na nusu basi ni futi 225, hata mita 70 hazifiki. Ukiizungusha inakuwa na upana wa kiganja cha mtu mzima, sawasawa na ulivyoeleza. Filamu yenyewe haiwezi kukaa hivyo. Ilikuja kwenye rili za futi 2,000, kila rili dakika ishirini na kidogo, kwa hiyo filamu ya Kihindi ya saa tatu ilikuwa makopo manane au tisa ya kubebana ngazi hadi juu.

Kuhusu mwenye mali. Marekani kulikuwa na kampuni iitwayo National Screen Service, iliyoanzishwa mwaka 1920, kazi yake kusambaza trela na mabango kwenye kumbi. Ukumbi ulikodi trela, ukaionyesha, ukairudisha ili iende ukumbi mwingine. Kwa hiyo kule trela ilihesabiwa kama mali. Kwetu hadithi ilikuwa nyingine. Karatasi ya mzigo iliorodhesha rili za filamu moja moja, na ikipungua rili stesheni hapakaliki, maana ukumbi wa mji unaofuata unazisubiri. Trela ilichomekwa tu pembeni ya kopo, haikuandikwa popote. Ukiirudisha sawa, usiporudisha hakuna anayeuliza. Nakujibu hivi: haikuwa ya babu yako, ila hakuiba.

Sasa kwa nini aliitunza? Hapa ndipo watu wengi hawaelewi. Wanadhani kazi ya trela ni kutangaza filamu. Dar labda. Kwetu bara, filamu iliyotangazwa ingeweza kufika baada ya mwaka, au isifike kabisa, au ifike imechakaa baada ya kuzunguka kumbi zote za pwani. Wapo wazee hapa Dodoma watakaokusimulia filamu fulani kwa uhakika kabisa, na mimi najua haikuwahi kuonyeshwa mji huu. Walichoona ni trela yake, tena mara nyingi. Kwa opareta trela ilikuwa kifaa cha kazi.

Fikiria jioni ya maonyesho. Mashine za zamani taa yake ilikuwa fimbo mbili za kaboni zinazowaka kwa umeme, na moto wake unachukua muda kutulia. Lenzi inahitaji kurekebishwa hadi picha ikae kali. Picha ikiingia vibaya kwenye dirisha la mashine unaona miguu ya watu juu na vichwa chini, ukumbi mzima unapiga miluzi na kuita opareta majina yasiyoandikika humu. Sauti nayo haijajulikana itoke kiasi gani kwa idadi ya watu walioingia. Yote hayo unayamaliza kwenye trela. Filamu ikianza, kila kitu kimekaa sawa na waliochelewa wamekwisha kupata viti. Ndiyo maana trela nzuri, yenye picha safi na muziki mkubwa, hairudi ilikotoka. Inabaki kwenye rafu na inapigwa kila wiki, iwe filamu yake imekuja au haijaja.

Ila si kila trela inafaa mbele ya kila filamu. Kuna mkanda wa picha ya kawaida na kuna wa sinemaskopu, ambao picha yake imebanwa pembeni na inahitaji lenzi maalumu ya kuitanua. Ukipiga trela ya skopu kwa lenzi ya kawaida, mastaa wote wanakuwa wembamba kama mianzi. Kubadilisha lenzi katikati ya onyesho ni usumbufu, kwa hiyo kampuni kubwa zilichapa trela ileile kwa aina zote mbili, na opareta alichagua inayolingana na filamu ya siku hiyo. Zetu hazikuja mbilimbili. Tulipanga rafu kwa aina, si kwa jina la filamu. Kama vigombo vyako vina karatasi yenye herufi tu bila jina, huenda herufi hiyo ni alama ya aina.

Kuunga sasa. Trela ilikatwa na kuungwa mbele ya rili ya kwanza, na filamu ikiondoka inakatwa tena. Kila ukikata, picha moja au mbili zinapotea. Trela iliyotumika misimu miwili mitatu inakuwa imepungua mwanzoni na mwishoni, na muziki unaanza katikati ya noti. Mkanda wa asetati, plastiki ya zamani, uliungwa kwa gundi inayoyeyusha kidogo plastiki yenyewe. Mkanda wa poliesta uliokuja baadaye haukubali gundi hiyo, lazima utepe. Halafu kuna kitu wageni hawakijui: sauti haikai ubavuni mwa picha yake. Kwenye mkanda wa milimita 35 iko mbele kwa picha kama 20 au 21, karibu sekunde nzima. Kwa hiyo kiungo kikipita unaona picha inaruka wakati mmoja na unasikia kishindo wakati mwingine. Dawa yake ni kupaka wino mweusi umbo la pembetatu kwenye mstari wa sauti palipoungwa, kishindo kinafifia. Ukikuta madoa meusi ya pembetatu kwenye mikanda yako, hiyo ni kazi ya mkono wa opareta, huenda wa babu.

Na vumbi la Dodoma mnalijua. Kuanzia Juni hadi mvua za Desemba hapana unyevu, upepo unasukuma mchanga hadi ndani ya vyumba vilivyofungwa. Mkanda mkavu unajaa umeme tuli na kunyonya vumbi, na kila punje inachora mstari kwenye picha. Trela ndiyo iliumia zaidi, kwa sababu filamu inakaa siku chache na kuondoka, trela inakaa mwaka.

Ikichakaa haitupwi. Vipande vilifanywa kichwa cha mkanda, ile sehemu unayopitisha kwenye magurudumu kabla picha haijaanza, maana vichwa vya asili huchanika kwanza. Vijana wapya walifundishwa kupitisha mkanda kwa kutumia trela mbovu. Kuna aliyewahi kuniuliza kama tulichomoa tukio kutoka kwenye trela na kuziba palipokatika kwenye filamu. Haiwezekani vizuri: sauti ya trela ina msimulizi na muziki wake juu ya tukio hilo, watu wangeshtuka.

Siku hizi hakuna rafu. Mpwa wangu ni fundi kwenye ukumbi wa kisasa Dar, anasema trela inaingia kama faili kwenye diski au kwa intaneti. Kwa kiwango cha juu cha megabiti 250 kwa sekunde, trela ya dakika mbili na nusu haifiki gigabaiti 5. Filamu yenyewe imefungwa kwa ufunguo wa kidijitali wenye tarehe na saa, nje ya hapo haifunguki. Trela kwa kawaida haina kufuli. Jina la faili lina TLR, na F au S kuonyesha ni picha ya kawaida au skopu, kwa hiyo kuchagua aina inayolingana na filamu bado kupo. Anaipanga kwenye orodha ya onyesho, ikipitwa na wakati anaifuta kupata nafasi. Hata urefu umeguswa: mwaka 2014 chama cha wenye kumbi cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba trela isizidi dakika mbili.

Turudi kwenye kopo lako. Thamani ya fedha usiitegemee sana. Mikanda ya rangi ya miaka ya 1960 na 1970 mingi imefifia hadi kubaki wekundu wa waridi, isipokuwa iliyochapwa kwa njia ya zamani ya Technicolor na ile ya rangi nyeusi na nyeupe. Lakini inua mkanda kwenye mwanga usome pembeni, nje ya matundu. Ukiona neno SAFETY, tulia, hauwaki kwa urahisi. Mkanda wa nitreti, unaoshika moto vibaya, uliachwa kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo sidhani babu alikuwa nao, ila usijaribu kwa kiberiti.

Kisha nusa. Harufu ya siki maana yake asetati imeanza kuoza, na hewa yake inaambukiza mikanda mingine. Vigombo vyenye harufu hiyo viweke mbali na vingine, na usirudishe chochote ndani ya bati lililofungwa. Boksi la karatasi kwenye chumba chenye hewa na ubaridi linafaa zaidi. Usimpe mtu akupitishie kwenye projekta kama mkanda umekunjamana au umesinyaa, matundu yatachanika yote. Weka skrini nyeupe ya simu chini ya mkanda, piga picha kwa simu nyingine, utaona kila kitu.

Na ukipiga, piga pia ule ukingo. Mikanda ya Kodak ina alama ndogo za mraba, duara na pembetatu zinazotaja mwaka wa kutengenezwa, ingawa zilijirudia kila baada ya miaka 20. Ziweke humu, tutazisoma pamoja.