Kahawa ya asubuhi, kazi ya adhuhuri: polifenoli na bakteria wa utumbo mpana

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Bukavu, katika komini ya Bagira. Nilifundishwa kwamba polifenoli, yaani zile kemikali za mimea zilizomo katika kahawa, maharage na mtama mwekundu, hazivuki kwa urahisi ukuta wa utumbo. Ikiwa ni hivyo, zinawezaje kupunguza uvimbe mwilini? Na je, inafaa kununua vidonge vya polifenoli vinavyouzwa mjini?

JIBU: Mwalimu, ulichofundishwa ni sahihi, na jibu lenyewe linaanzia hapo. Katika polifenoli zote tunazokula, sehemu ndogo tu hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Nyingi huendelea na safari hadi utumbo mpana zikiwa bado zimeshikamana na sukari, asidi au nyuzinyuzi za mmea. Huko zinawakuta bakteria, ambao katika mwili wa mtu mzima wamekadiriwa kufikia trilioni 38, karibu wote wakiishi katika sehemu hiyo moja. Bakteria hao wana vimeng'enya ambavyo chembe zetu hazina, na dutu ndogo wanazozitengeneza kutokana na polifenoli ndizo zinazoingia kwenye damu kwa wingi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza polifenoli ya kahawa inafanya nini mwilini, inatupasa tuulize imekuwa kitu gani inapofika huko.

Tuchukue kikombe cha arabika ya Kalehe au ya Idjwi. Polifenoli yake kuu ni asidi ya klorojeni, yaani asidi ya kafeiki na asidi ya kwiniki zilizounganishwa kwa kifungo cha esta. (Kadiri buni inavyokaangwa hadi kuwa nyeusi, ndivyo asidi hiyo inavyopungua.) Wagonjwa waliokatwa utumbo mpana, ambao mabaki ya chakula chao hutoka nje moja kwa moja kutoka utumbo mwembamba, wamewasaidia watafiti kupima jambo hili: takriban theluthi moja ya asidi ya klorojeni hufyonzwa njiani, na theluthi mbili hushuka. Zikifika chini, bakteria wa jamii za Bifidobacterium na Lactobacillus hukikata kifungo cha esta. Wengine huongeza hidrojeni kwenye mkia wa asidi ya kafeiki iliyobaki, ikawa asidi ya dihidrokafeiki. Wengine tena huondoa kikundi kimoja cha hidroksili (oksijeni na hidrojeni) kwenye pete ya kaboni ya asidi hiyo. Mara nyingi hakuna bakteria mmoja anayeimaliza kazi yote peke yake. Ni kama sombe (majani ya muhogo), ambayo ina mchumaji, mtwangaji na mpishi kabla haijafika mezani. Mwishowe ini huzifungia dutu hizo vikundi vidogo vya kemikali, salfeti au asidi ya glukuroniki, na figo huzitoa kwenye mkojo.

Saa inalithibitisha hili vizuri. Mtu akinywa kahawa saa moja asubuhi, dutu zilizotoka utumbo mwembamba hufikia kilele kwenye damu mnamo saa mbili, lakini zile zilizopitia kwa bakteria hufikia kilele karibu na saa sita mchana, kikombe kikiwa kimeshaoshwa na kusahauliwa. Kwa wale wasio na utumbo mpana, kilele hicho cha pili karibu hakipo kabisa. Nadhani wanafunzi wako wangelielewa somo zima kwa kuchora mstari huo mmoja ubaoni.

Sasa, uvimbe. Uvimbe ninaouzungumzia ni ile hali ya kinga ya mwili kuwaka polepole bila kuzimika, ambayo huambatana na kisukari, magonjwa ya moyo na maradhi ya utumbo wenyewe. Ndani ya chembe za kinga kuna protini iitwayo NF-kB, ambayo wakati wa utulivu hushikiliwa nje ya kiini. Inapoachiliwa, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni zinazotengeneza saitokini, yaani wajumbe wa uvimbe. Dutu kadhaa zitokazo kwa bakteria zimeonekana kupunguza kuachiliwa huko, na pia kuamsha protini nyingine, Nrf2, inayoongoza ulinzi wa chembe dhidi ya molekuli haribifu za oksijeni. Mojawapo ya dutu hizo za bakteria, urolithini A, imeonyeshwa katika panya kukaza viungo kati ya chembe za ukuta wa utumbo, hivyo sumu za bakteria zikapungua kupenya. Lazima niseme wazi kwamba sehemu kubwa ya ushahidi huu imetoka kwenye chembe za maabara na panya, mara nyingi kwa vipimo vikubwa kuliko vinavyopatikana katika damu ya mnywaji kahawa. Njia za kikemia zinajulikana vizuri. Ukubwa wa faida kwa binadamu haujathibitishwa kwa kiwango hicho.

Urolithini nilizozitaja zinatokana na tanini (aina ya polifenoli) za komamanga na jozi, kwa msaada wa bakteria kama Gordonibacter, na si kila mtu anao: takriban mtu mmoja kati ya kumi hatengenezi urolithini hata akila komamanga kila siku. Uji wetu wa masoso una soya, na soya ina daidzeini, polifenoli ambayo bakteria kama Adlercreutzia huigeuza kuwa ikwoli. Katika nchi za Magharibi ni robo hadi theluthi tu ya watu wazima wanaoweza kuitengeneza, na katika Japani na China ni karibu nusu au zaidi. Watoto wawili wanaweza kunywa uji wa sufuria moja, na damu zao zikapata dutu tofauti.

Ndiyo maana sikushauri ununue vidonge. Kidonge huleta malighafi bila kuleta bakteria wa kuifanyia kazi, wala nyuzinyuzi zinazowalisha. Loweka maharage mekundu usiku kucha, uone asubuhi maji yalivyogeuka kahawia: hizo ni polifenoli za ganda, na nyingi zaidi zimebaki kwenye ganda lenyewe pamoja na nyuzinyuzi, zikishuka kwa pamoja hadi utumbo mpana. Vivyo hivyo mtama mwekundu, ingawa tanini zake kubwa sana huvunjwa kwa shida hata na bakteria. Jambo linalonisikitisha zaidi mjini kwetu ni antibiotiki zinazonunuliwa dukani bila kipimo kila tumbo linapouma. Dozi moja isiyohitajika inaweza kuwaangamiza wengi wa wafanyakazi niliowaeleza hapa, na baadhi yao huchukua miezi kurudi.

Kuna jambo moja la mwisho, kwa kuwa unafundisha wasichana. Polifenoli hizo hizo, zikiwa bado juu kwenye utumbo mwembamba, hushika madini ya chuma ya maharage, sombe na lengalenga (mchicha) na kuyazuia yasifyonzwe. Chuma cha nyama na samaki huathirika kidogo. Msichana mwenye upungufu wa damu, au mama mjamzito, asinywe chai wala kahawa pamoja na bugali na maharage. Asubiri angalau saa moja baada ya kula, na kwenye sahani aongeze kipande cha limau au papai, kwa maana vitamini C husaidia chuma kuingia.