King'ora hakiwaki

Msomaji mmoja wa komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi, amepewa kazi ya kutafsiri kutoka Kifaransa orodha ya alama na vifaa vya magari ya polisi, naye anauliza: «Mwalimu, kwenye orodha kuna ‘gyrophare’ na kuna ‘sirène’. Mwenzangu ameandika king'ora kwa vyote viwili, anasema ndivyo redio zinavyosema. Je, nimfuate, au niandike jirofari kama watu wanavyosema mitaani?»

Ndugu msomaji, usimfuate. Taa ya juu ya paa la gari ni kimulimuli, na kile kinacholia ni king'ora. Kama ungeishia hapo ningekujibu kwa sentensi hiyo moja na kwenda zangu, lakini umetaja redio, na kwa kuzitaja umenitonesha kidonda.

Kila kunapokuwa na habari ya majambazi kukamatwa, nasikia sentensi ya namna hii: «Gari la polisi liliwasili huku king'ora chake chekundu kikiwaka na kuangaza barabara nzima.» Tuipekue taratibu, maana haya hayataki haraka. King'ora chekundu: tangu lini sauti ikawa na rangi? Kikiwaka: huwaka moto, huwaka taa, huwaka jua la Septemba katika mji huu, na mimi mwenyewe huwaka ninaposikia sentensi hiyo, lakini sauti haiwaki. Kuangaza barabara nzima: king'ora kinaweza kuwaamsha watoto wa Katuba wote kwa mpigo mmoja, ila hakijapata kumsaidia mtu kuokota sindano gizani. Mtangazaji ameiona taa, ameieleza taa kwa rangi yake, kwa mwako wake na kwa mwanga wake, kisha ilipofika zamu ya kuitaja akaipa jina la sauti.

King'ora hulia. Hupigwa, husikika kwa mbali, hukaribia, hunyamaza. Mtoto wa komini ya Kenya, hapahapa mjini, ambaye hajawahi kushika kitabu cha sarufi, anapokimbilia ndani kumwambia mama yake husema «motokari ya bapolisi iko inalia», wala hasemi inawaka. Sarufi ya mtoto huyo ni nzima kuliko ya chumba cha habari. Hata simu iliyo mfukoni mwako inajua tofauti hiyo: kioo chake kinapotoa mwanga inawaka, na mtu anapokupigia inalia. Sijasikia hata siku moja mtu akisema «pokea, simu yako inawaka», isipokuwa betri imeshika moto.

Nitavumilia, kwa kununa, «kuwasha king'ora». Dereva anabonyeza kitufe, na chenye kitufe tumezoea kukiwasha, kama tunavyowasha redio na feni. Uvumilivu wangu unakomea kwenye kitufe. Kikishawashwa, king'ora kinalia, basi.

Wala hili si suala la masikio yangu tu. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unazungumzia magari yenye haki ya kupita kwanza, nao unayatambulisha kwa vyombo maalumu vya mwanga na vya sauti, yaani vitu viwili. Usiku wa manane gari la doria linaweza kupita na taa peke yake ili watu wasiamshwe, na dereva asiyesikia vizuri hutegemea hiyo taa ili ajue kwamba apishe. Orodha yako ikiandika king'ora mara mbili, mwenye kuisoma atadhani gari hilo lina honi mbili na halina taa.

Kuhusu asili ya maneno nitasema kwa ufupi. Jina «sirène» lilitolewa mwaka 1819 na mwanafizikia Mfaransa Cagniard de la Tour, kwa kuwa chombo chake, sahani yenye matundu inayozungushwa na hewa, kiliweza kutoa sauti hata ndani ya maji, mithili ya wale wanawake waimbaji wa baharini katika hadithi za Wagiriki. Hapa kwetu «sirène» ni mamba muntu, yule mama nusu samaki ambaye wachoraji wa Lubumbashi walimpamba kwenye kuta za sebule nyingi, kwa hiyo mshukuru Mungu kwamba mwenzako hakuandika «mamba muntu mmoja, juu ya gari».

Kimulimuli ni yule mdudu wa usiku anayetoa mwanga, jamaa wa kitenzi mulika. Angalia upatanisho wake: vimulimuli wa porini wanaruka, kwa kuwa ni viumbe hai, lakini vimulimuli vya gari vinamulika. Neno hili limezeeka vizuri kuliko «gyrophare», ambalo ndani yake mna neno la Kigiriki la kuzunguka pamoja na jina la Pharos, kisiwa cha Aleksandria kilichokuwa na mnara wa taa. Zamani kioo kilizungushwa na mota ndogo kando ya balbu. Leo taa nyingi za LED hazizunguki, zinapepesa tu, zikiwaka na kuzimika. Kifaransa kimebaki na mzunguko usiokuwepo, na mdudu wetu anaendelea kufanya kazi ileile aliyoanza nayo.

Jirofari silipendi, lakini silipigi vita: ni neno la mkopo linalokiri kwamba limekopwa, na kila fundi wa magari hapa mjini atakuelewa. Liache mtaani, na katika orodha andika: maandishi PNC (Police Nationale Congolaise, polisi wa taifa) milangoni, kimulimuli kimoja juu ya paa, king'ora kimoja, chenye king' na si king, hata kama kibodi yako ya Kifaransa inaficha alama hiyo, kipaza sauti kimoja, vibao vya namba viwili, mbele na nyuma, maana «plaki» haina kosa ila imechakaa. Na penye «véhicule banalisé» andika gari la polisi lisilo na alama. Gari hilo pia huwa na kimulimuli, chenye sumaku chini yake, ambacho askari hukipachika juu ya paa kinapohitajika, kwa hiyo kihesabu.