Jiko banifu linalokula kuni

Dada wa Machame, umeuliza kwa nini jiko lako jipya la udongo, la kubana kuni, linamaliza kuni sawa na mafiga ya zamani, tena limepata ufa. Kagua kwanza mdomo wa kuni: wengi huuacha mkubwa mno. Sentimita 12 kwa 12 zinatosha kwa sufuria ya nyumbani. Kisha pima nafasi kati ya sufuria na ukuta wa jiko. Iwe sentimita 1 hivi. Ikizidi, moto unapita pembeni tu. Kuni zikae juu ya wavu wa chuma, hewa ipite chini; zikilala kwenye majivu zinafuka. Huo ufa ni wa kukauka haraka juani. Lowesha, ziba kwa udongo wa kichuguu na mchanga kidogo, likauke kivulini. Na kuni mbichi za mti wa mgrevilea usiziwashe, utalaumu jiko bure.