Mchumba wangu anasema kukodi tenti ni kuiita mvua

*Shangazi, shikamoo. Tunafunga ndoa miezi miwili ijayo, nje, kwenye bustani ya nyumbani kwa dada yangu. Wageni ni 100 na bajeti imebana, kila senti ina kazi yake. Nikitaja tenti mchumba wangu ananuna. Anasema fedha hakuna, na tena kukodi tenti ni kuiita mvua. Mama naye anataka tuhamie ukumbini au tuahirishe. Siku hizi naamka usiku kusikiliza kama kunanyesha. Nifanye nini? Halafu, ni vibaya kuwaambia wageni wasivae visigino vyembamba?*
*Bibi harusi mtarajiwa*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na huyo mchumba, maana tenti ni rahisi kuliko yeye. Mvua haiitwi na turubai. Ingekuwa hivyo, wakulima wangekuwa wanakodi matenti kila msimu wa kupanda. Lakini mtu akikupa sababu mbili kwa mpigo, mara nyingi kuna ya tatu ameikalia. Nahisi mwenzako amepiga hesabu peke yake usiku, akaona fedha hazitoshi, na anaona haya kusema. Kwa hiyo usimwambie tena “tunahitaji tenti”. Yeye akisikia hilo neno anaona jumba zima la kitambaa cheupe lenye mataa yanayoning’inia. Mpelekee namba ndogo, mkae nayo mezani pamoja.

Namba yenyewe ni hii. Mtu aliyeketi kwenye kiti cha mstari, bila meza, anachukua takriban mita ya mraba 0.75 ukihesabu na njia ya kupita. Aliyeketi kwenye meza ya duara anachukua kama 1.5, yaani mara mbili. Wageni wako 100 wakiwa kwenye mistari wanatosha ndani ya mita za mraba 75. Wakiwa mezani mnahitaji 150, na hapo sijaweka nafasi ya muziki wala ya kucheza. Unaona fedha inapokwenda? Zinazokula paa ni meza. Basi funikeni kiapo, na funikeni wazee. Baada ya hapo watu wanaweza kula wamesimama, wakatawanyika barazani, wakapokezana viti. Mvua nyingi hazidumu mchana kutwa, na saa moja ya kubanana chini ya paa moja watu huikumbuka kwa kicheko.

Kabla hujakodi chochote, hesabu paa zilizopo tayari. Baraza la dada yako lina urefu gani? Gereji ikitolewa gari inaingiza viti vingapi? Jirani ana sebule kubwa? Kuna shule au nyumba ya ibada karibu yenye chumba kitakachokuwa wazi siku hiyo? Paa la bei nafuu kuliko yote ni lile ambalo mtu mwingine alishalijenga. Ila ukilipata, uliza swali moja ambalo watu husahau: siku hiyo ufunguo utakuwa kwa nani, na simu yake inashikika?

Ikibaki pengo, hapo ndipo ukodi, na ukodi kwa akili. Muulize mwenye matenti kama anakubali malipo madogo ya kushikilia, halafu uthibitishe siku tatu kabla. Wengine wanakubali, hasa kama harusi yako si ya mwisho wa wiki. Kukighairiwa, unapoteza yale madogo tu. Uliza pia kama bei ina usafiri, kusimamisha, kubomoa na kuta za pembeni, kwa sababu tenti isiyo na kuta ni mwavuli: mvua ikija na upepo inaingia ubavuni. Na kama ni matenti mawili yanayopakana, sharti pawe na mfereji wa turubai katikati, la sivyo pale yanapokutana patashuka pazia la maji juu ya mgongo wa mtu. Kwa kawaida huyo mtu ni mama mkwe.

Sasa nikupe aibu yangu. Harusi ya mpwa wangu, mimi ndiye niliyechagua mahali pa tenti. Nilipapenda kwa sababu palikuwa na kivuli na nyasi nzuri. Nyasi zilikuwa nzuri kwa sababu ni bondeni. Mvua ilinyesha dakika 20 tu, paa halikuvuja hata tone, na maji yakaja kutoka chini. Wazee walikaa wameinua miguu kama wanapanda mtumbwi. Kwa hiyo nenda kwa dada yako na ndoo ya maji, imwage pale mnapotaka kuweka viti, uangalie yanaelekea wapi. Bora zaidi, nenda siku mvua inanyesha, ukasimame pale na mwavuli. Kama lazima iwe hapo, kijifereji cha kina cha kiganja kuzunguka upande wa juu kinasaidia sana. Jembe moja na kijana mmoja wanatosha.

Mjomba atajitokeza aseme: “Kwa nini mkodi? Mimi nina maturubai.” Mshukuru, kisha msimamie. Turubai lililofungwa bapa halifai, litatengeneza bwawa angani. Maji ya kina cha sentimita 1 juu ya turubai la mita 3 kwa 3 ni lita 90, yaani kilo 90, sawa na mtu mzima aliyelala juu ya vichwa vya wageni. Tena yakishaanza kujikusanya yanalivuta turubai chini, shimo linakua, yanaongezeka. Kamba ngumu ipite katikati kama mgongo wa nyumba, pande zote mbili ziteremke kwa mwinamo mkali, na maji yajue yanamwagikia wapi.

Upepo nauogopa kuliko mvua. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma kitambaa inaongezeka mara nne. Vile vitenti vya kukunja ambavyo kila mtu anavyo siku hizi hunyanyuka kama kofia visipofungwa. Vigingi virefu viingie ardhini kwa kuegemea nje, na kumbuka udongo ukiloa hulegea, kwa hiyo mtu avipitie tena asubuhi. Penye sakafu ngumu tumia mifuko ya mchanga au mapipa ya maji, kila mguu na wake. Muulize fundi tenti yake inavumilia upepo wa kasi gani, na akisema “wowote”, tafuta mwingine.

Na hili sitaki mjadala: radi zikianza, tenti si hifadhi. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, watu wote waingie nyumbani au kwenye magari yenye bodi ya chuma, wakae huko mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Jenereta ikae nje, mbali na watu, wala isiingizwe chini ya paa “isilowe”, kwani moshi wake una gesi inayoua, isiyo na harufu ya kukushtua. Viungio vya nyaya viinuliwe kutoka chini.

Fedha za haya zitoke wapi? Kwenye mapambo. Nisamehe, najua umeshachagua maua, lakini maua hayazuii maji. Au punguzeni wageni 15, ambao nina hakika mama yako anaweza kuwataja majina sasa hivi bila kufikiri.

Kuhusu utabiri: acha kuutazama leo, wa miezi miwili mbele hautakuambia saa ngapi kutanyesha. Anza kuuamini siku tatu nne kabla. Ukisema asilimia 40, maana yake ni nafasi ya mvua kunyesha hapo mlipo katika muda uliotajwa, haimaanishi itanyesha asilimia 40 ya siku. Chagueni mtu mmoja, asiwe wewe wala mchumba, mwenye sauti na asiyelia ovyo. Mpeni saa ya kuamua, tuseme saa sita mchana siku moja kabla: viti vinabaki bustanini au vinaingia ndani. Akishasema, hakuna wa kumpinga. Nadhani dada yako anafaa, nyumba ni yake.

Mama yako usimlaumu. Anachotaka ni paa, na wewe unataka bustani, na ukimwonyesha mchoro wenye baraza, gereji na tenti moja, utashangaa neno ukumbi linavyopotea mdomoni mwake. Mpe kazi ya kukusanya miavuli. Apate 20 na ziwekwe langoni, basi.

Visigino: waambie, tena kwenye mwaliko wenyewe, sentensi moja tu, “sherehe ni kwenye nyasi”. Wenye akili wataelewa. Wasioelewa watazama, na watatembea peku kufikia jioni. Wewe mwenyewe ficha viatu bapa chini ya kiti chako, pamoja na taulo.

Shangazi