Kabla hujaifungua Game Boy: nilivyochagua vifaa vya kulehemu

Wengi wanaotaka kubadilisha skrini ya Game Boy au kapasita (vijipande vya kuhifadhi umeme) za Game Gear, zile mashine za zamani za michezo ya video za kushika mkononi, huniuliza kwanza wanunue pasi gani ya kulehemu. Mimi huwaambia waanze na flaksi, kemikali inayosaidia lehemu, yaani metali inayoyeyushwa kuunga sehemu, ishike vizuri.

Sababu ni umri wa hizi mashine. Game Boy ya kwanza ilitoka mwaka 1989, Game Gear mwaka 1990. Pedi, yaani kile kipande kidogo cha shaba unachotaka kukilehemu, imegandishwa kwenye bodi kwa gundi, na kadiri unavyoikalisha kwenye joto ndivyo gundi inavyolegea. Ikibanduka, utaanza kuunga njia za umeme kwa vijiwaya, maana bodi hizo hazitengenezwi tena. Ndiyo maana kila kifaa nakipima kwa jambo moja tu: je, kitanifanya niondoe pasi mapema?

Flaksi inashinda vyote hapo. Inaondoa ile kutu nyembamba juu ya chuma ili lehemu itambae yenyewe. Ukifungua Game Gear ambayo kapasita zake zimevuja, utaona pedi zimefifia, zimekuwa za kijivu, na ukizigusa kwa pasi ya moto inapanda harufu kali kama ya samaki. Juu ya pedi kama hizo lehemu hujiviringa na kukataa kushika. Zisafishe kwa alkoholi, zikwangue taratibu mpaka zing'ae, kisha weka flaksi ya jeli, ile inayouzwa kwenye bomba la sindano. Lehemu itakaa mara moja. Iwe ya kazi za elektroniki, tafadhali. Ile ya mafundi bomba ina asidi, na itaendelea kuila shaba hata baada ya wewe kufunga skrubu ya mwisho.

Kwa lehemu yenyewe, mimi natumia mchanganyiko wa bati asilimia 63 na madini ya risasi asilimia 37. Unayeyuka kwa nyuzi 183 za Selsiasi na kuganda papo hapo, bila kupitia hali ya uji. Lehemu isiyo na risasi, ya bati, fedha na shaba, inahitaji takriban nyuzi 217 hadi 220. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia risasi kwenye vifaa vya elektroniki Julai 2006, kwa hiyo mashine za miaka ya themanini na tisini kwa kawaida zililehemiwa kwa risasi, na sioni faida ya kuzitesa kwa joto la ziada. Unene wa milimita 0.5 hadi 0.8 unatosha. Nawa mikono ukimaliza, usile mezani pa kazi, na fungua dirisha: moshi unaouona unatoka kwenye flaksi, na si wa kuvuta.

Pasi sasa. Iwe na kidhibiti joto, hilo halina mjadala. Zile zinazochomekwa ukutani na kupanda moto zitakavyo ndizo zinazobandua pedi. Hakko FX-888D ni imara sana. Pinecil ni ndogo, inatumia umeme wa USB-C, na kwa kazi hizi inatosha kabisa. Mimi huiweka kati ya nyuzi 320 na 350.

Ila ncha ni muhimu kuliko jina la pasi. Watu huona vijipedi vidogo wakakimbilia ncha iliyochongoka kama sindano. Ncha hiyo inagusa eneo dogo mno, joto halipiti vizuri, na ukifika kwenye mguu uliounganishwa na lile eneo kubwa la shaba la hasi, lehemu inabaki imeganda huku wewe unazidi kukandamiza. Chukua ncha bapa ya patasi, yenye upana wa kama milimita 2. Inamwaga joto haraka, na kwa pembe yake unafikia hata sehemu finyu.

Vilivyobaki ni vidogo. Utambi wa shaba wa kunyonya lehemu, na uupake flaksi hata kama kifungashio kinasema tayari inayo. Waya mwembamba wa saizi 30 AWG (kipimo cha unene wa waya) kwa viungo vya skrini. Alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kwa sababu ile ya asilimia 70 ina maji mengi na inachelewa kukauka. Multimita, kifaa cha kupima umeme, ya kukagua shoti (umeme kupita pasipotakiwa) kabla hujaweka betri.

Kuhusu zile seti zenye kila kitu ndani ya mkoba mmoja: kibano, kishikio cha pasi na pampu ya kufyonzea vinafaa. Lehemu inayokuja nayo, kama haikuandikwa mchanganyiko wake, usiiweke kwenye bodi yoyote unayoipenda.