Maswali Yenu: Zawadi za Wanaochangia Kitabu

Toleo hili tunajibu barua nne za waandishi wanaojiandaa kuchangisha fedha za kuchapa vitabu vyao mtandaoni. Zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mchangiaji apewe nini, na kwa bei gani.

Nina mkusanyo wa hadithi fupi, kurasa 160, saizi ya A5. Kiwanda kimenipa bei ya Sh 5,000 kwa nakala nikichapa 500, yaani Sh 2,500,000. Uhariri ni 800,000, jalada na kupanga kurasa 700,000. Jumla ni milioni 4, na hilo ndilo lengo nililoweka. Nimepanga madaraja 11 ya zawadi: asante kwa Sh 5,000, PDF kwa 8,000, kitabu kwa 20,000, kitabu na fulana kwa 35,000, na kuendelea hadi 300,000. Wenzangu wanasema yamezidi. Mnaonaje? — Msomaji, Tanga

Wenzako wamesema kweli, lakini kwanza turekebishe hilo lengo, maana hapo ndipo utakapoumia.

Mchukue mchangiaji mmoja wa daraja la kitabu. Amekutumia 20,000. Bahasha ngumu tuiweke 700, kutuma kifurushi kwa basi 4,000, makato ya kutuma fedha kwa simu na ya jukwaa la kuchangishia asilimia 5, yaani 1,000. Hizi ni bei za mfano. Zako kaziulize ofisi ya basi na kwa wakala kabla ya kutangaza chochote. Kwa hesabu hiyo, hata kabla ya kumlipa mchapaji, kwenye ile 20,000 umebakiwa na 14,300. Wakija watu 200, lengo lako la milioni 4 limetimia na pongezi zinamiminika, kumbe mkononi una 2,860,000 tu. Umepungukiwa 1,140,000, na watu 200 wanakudai vitabu.

Kwa hiyo anza na fedha unazotakiwa kulipa, milioni 4, ugawe kwa 14,300. Unapata watu 280. Zidisha kwa 20,000: lengo lako halisi ni Sh 5,600,000. Likikutisha, rudi kiwandani uombe bei ya nakala 300. Bei ya nakala moja itapanda, kwa sababu pleti (mabamba ya kuchapia) na kutega mashine hugharimu kiasi kilekile uchape 300 au 500. Tuseme imepanda hadi 6,200. Uchapaji unakuwa 1,860,000, gharama zote 3,360,000, watu wanaohitajika 235, lengo 4,700,000. Umeshusha lengo kwa laki 9, na bado una nakala 65 za ziada kwa ajili ya zitakazopotea njiani, zitakazofika zimekunjika, na za kuuza baadaye. Kwa kitabu cha kwanza, sisi tungechapa 300.

Sasa madaraja. Usiyapange kwa kuangalia zawadi inavyovutia. Angalia kinachobaki ukishaifikisha mlangoni. Kitabu peke yake, ukitoa na ile 5,000 ya kuchapa (tubaki na bei ya nakala 500), kinakuachia 9,300. Kitabu na fulana kwa 35,000: kitabu 5,000, fulana iliyochapwa 15,000, mfuko 1,500, basi 6,000 kwa kuwa kifurushi kimekua, makato 1,750. Kinabaki 5,750. Yaani mtu ameongeza 15,000 kwa mapenzi yake, nawe umepoteza 3,550 kuliko angechukua kitabu tu. Bado hujauliza saizi, hujabakiwa na fulana kubwa kumi zisizo na mwenyewe, na fundi wa kuchapa fulana hajakuchelewesha wiki mbili huku vitabu viko tayari. Vikombe ndio usiguse kabisa, vinavunjika.

Tazama PDF kwa 8,000: makato 400, kinabaki 7,600, karibu sawa na kitabu, wala huendi stendi. Na kuna daraja ambalo hukuliweka, nasi tunaliona ndilo bora kuliko yote: vitabu vitano kwa 80,000, kwa shule, klabu ya kusoma, msikiti, kanisa au kikundi cha akina mama. Kuchapa 25,000, katoni 2,500, basi 8,000, makato 4,000; kinabaki 40,500 kwa safari moja ya kwenda stendi.

Madaraja matano yanakutosha: PDF 8,000, kitabu na PDF 20,000, kitabu chenye saini na jina la mchangiaji ndani 35,000, vitabu vitano 80,000, na moja la juu, 300,000, ambalo kitu chake kikubwa ni wewe mwenyewe kwenda kusoma hadithi shuleni au kwenye kikundi, nauli ikiwa imeshahesabiwa humo na mipaka ya mikoa imetajwa. Hilo liwe na nafasi tatu tu. Asante tupu ya 5,000 usiipe daraja. Anayetaka kutoa bila kuchukua chochote atatoa tu, na wengi watatoa zaidi ya hiyo.

Naishi Uingereza. Nataka kutumia Kickstarter, jukwaa la kuchangisha fedha mtandaoni, kwa kitabu cha picha cha watoto, Kiswahili na Kiingereza, kurasa 32, sentimita 21 kwa 21. Wachangiaji wangu wametawanyika: hapa, Ujerumani, Kenya na Tanzania. Je, nauli niitoze vipi? Na niweke daraja la bei nafuu kwa watakaowahi? — Mama wa wawili, Birmingham

Dada, uko pazuri kwa jambo moja: Kickstarter hupokea miradi kutoka nchi zilizo kwenye orodha yake tu. Uingereza imo; Kenya na Tanzania hazimo, ingawa watu wa huko wanaweza kuchangia kwa kadi. Kumbuka pia kwamba pale ni yote au hakuna: usipofikia lengo, hakuna anayekatwa hata senti.

Pima uzito kabla ya bei. Kurasa 32 ni karatasi 16. Kwa karatasi ya gramu 150 kwa kila mita ya mraba na jalada la gramu 300, kitabu chako kitakuwa na gramu 135 hivi. Bahasha yenye kadibodi iweke gramu 40, jumla 175. Kwa Royal Mail, posta ya Uingereza, hiyo ni Large Letter (barua kubwa), ambayo haitakiwi kuzidi sentimita 35.3 kwa 25, unene sentimita 2.5, na bei yake inapanda kifurushi kikipita gramu 100, 250 na 500. Kitabu kimoja kinakaa chini ya 250. Viwili vinavuka. Ukiongeza kikoi au mwanasesere, unene unapita sentimita 2.5 na umeingia kwenye bei ya Small Parcel (kifurushi kidogo). Kama unataka nyongeza, iwe bapa: alama ya kitabu, postikadi, karatasi ya vibandiko.

Nauli iweke kando na bei ya kitabu, kwa kila nchi. Tahadhari: nauli unayokusanya ndani ya kampeni huhesabiwa kwenye lengo, na makato huikata nayo. Kitabu £12 na nauli £3 ni £15. Jukwaa linachukua asilimia 5, yaani peni 75 (75p), malipo ya kadi asilimia 3 na 20p, yaani 65p. Unapata £13.60. Wako pia ambao kadi zao zitakataa. Wana siku 7 za kurekebisha, na wengine hawarekebishi, kwa hiyo usiagize uchapaji kwa kutegemea tarakimu ya usiku wa mwisho.

Ujerumani: tangu 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa vifurushi vya chini ya yuro 22 vinavyotoka nje ya Umoja huo, kwa hiyo mpokeaji anaweza kudaiwa mlangoni. Liandike waziwazi kwenye maelezo ya daraja. Ukikaa kimya, atakulaumu wewe, siyo forodha.

Kenya na Tanzania usitume kimoja kimoja. Nauli ya kitabu kimoja inaweza kukizidi bei kitabu chenyewe, na mwenye kukingoja atakata tamaa. Weka daraja la Afrika Mashariki bila nauli ya posta: kitabu cha kuchukua kwa mtu unayemwamini Nairobi au Dar es Salaam, au kusambazwa kwa basi kutoka hapo. Mzigo mmoja unapelekewa yeye, kazi anafanya yeye, naye alipwe. Ujira wake uwemo kwenye bei.

Kuhusu wanaowahi, hatupendi bei ya punguzo. Wa siku ya kwanza ni ndugu, majirani na marafiki, ambao wangelipa bei kamili bila kunung'unika. Anayekuja wiki ya tatu, mgeni kabisa, anakuta daraja limeandikwa limekwisha, anajiona amechelewa na anaondoka. Wawahi wako wape saini kwa jina la mtoto katika saa 48 za mwanzo, bei iwe ileile. Na kabla ya kubonyeza kitufe, mpe mtu mwingine asome madaraja yote: mtu mmoja akishachagua daraja, huwezi tena kulibadilisha bei wala maelezo. Kuongeza jipya unaweza.

Nikivuka lengo, nimeahidi kuboresha karatasi kutoka gramu 80 hadi 100. Kitabu ni A5, kurasa 160. Kuna ubaya? — Msomaji, Nakuru

Upo, na uko kwenye mzani. Kurasa 160 za A5 ni karatasi 80, kama mita 2.5 za mraba. Kwa gramu 80 hizo ni gramu 199, na jalada 16: jumla 215. Kwa gramu 100 ni 265. Gramu 50 hizo zinaweza kukipandisha kifurushi ngazi nzima ya bei ya posta, na nauli ulishaitoza kwa kitabu chepesi. Kila aliyekwisha kulipa anakuwa hasara, na kadiri wanavyoongezeka ndivyo inavyokua. Ahidi kisichoongeza uzito: hadithi tatu kwa sauti, au uhariri wa pili. Ukitaka lazima karatasi nene, tafuta bei zake mbili, ya kuchapa na ya kutuma, kabla ya kutaja neno.

Majina ya wachangiaji ndani ya kitabu: yanachukua nafasi gani, na niyatoe wapi? — Msomaji, Mwanza

Ni zawadi rahisi na watu huithamini sana. Ukurasa wa A5 wenye safu mbili, herufi saizi 9, mistari 40, unabeba majina 80. Tatizo ni hesabu ya kurasa: vitabu vingi huchapwa kwa mafungu ya kurasa 16, na 160 ni mafungu 10 kamili. Ukurasa wa 161 unafungua fungu jipya la kulipia. Mwambie mpanga kurasa aache mbili wazi mwishoni tangu mwanzo.

Majina usiyanakili kutoka kwenye ujumbe wa malipo. Yale ni ya usajili wa laini: herufi kubwa tupu, mara nyingine ya mume, ya dada, au ya wakala aliyetuma kwa niaba. Tuma ujumbe kwa kila mchangiaji: "Jina lako lichapwe vipi?" Wengine watataka la marehemu mzazi wao, na wana haki hiyo. Kisha mrudishie kila mmoja mstari wake kama utakavyochapwa, wape siku 5 za kusahihisha, na utaje kwamba asiyejibu atachapwa kama alivyoandika mara ya kwanza. Siku ya sita peleka faili kiwandani.