Kizuizi cha kiti cha nyuma: anza na breki, si na ugomvi

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nina watoto wawili, wa miaka 7 na 10, na gari dogo aina ya Toyota IST. Kila asubuhi kutoka Mbezi hadi shuleni ni vita: "Mama, ananigusa," "Mama, ananiangalia." Nimebuni kizuizi cha kuwatenganisha, plaiwudi ya milimita 9 yenye fremu ya alumini, sentimita 60 kwa 70. Fundi samani wangu yuko tayari kukitengeneza. Je, kitafaa? Na naweza kukisajili kama uvumbuzi wangu? – Mama Wawili, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, Mama Wawili. Hilo la "ananiangalia" hata kwangu lipo.

Fundi samani mwambie asubiri kwanza. Kwa vipimo vyako, kifaa hicho kitakuwa na uzito wa karibu kilo 3. Si kitu, utasema. Lakini gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa, kila kilichomo ndani kinaweza kusukumwa kwa nguvu mara 20 hadi 30 ya uzito wake. Kilo zako 3 zinageuka kama 75 hivi, yaani mfuko mmoja na nusu wa saruji, na una kona za alumini. Niliwahi kufunga kibao cha namna hiyo kwa kamba ili nione kitakaaje. Nilikanyaga breki kwenye mwendo wa 30 tu, nikakikuta juu ya hendibreki.

Ukigongwa ubavuni ni mbaya zaidi, maana kichwa cha mtoto aliyekaa upande wa pili hurushwa kuelekea katikati, pale pale uliposimamisha ubao.

Kwa hiyo kifaa chako kiwe laini kiasi cha kukunjika kwa mkono mmoja. Chini weka sponji ya sentimita 5 iliyovalishwa kitambaa, ifike usawa wa bega la mdogo. Kuanzia hapo kwenda juu iwe neti, ili upepo upite na wewe uwaone kwenye kioo cha dereva. Usiweke kioo wala akriliki (plastiki ngumu inayong'aa kama kioo), kwani ikivunjika inaacha ncha kali. Sponji inunue kwa fundi viti vya magari, si ya godoro. Kanuni ya Marekani, FMVSS 302, inataka vitambaa na sponji za ndani ya gari visiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika, na sponji ya bei poa huwaka kama karatasi.

Kukifunga ndiko kwenye kazi. Viti vingi vya nyuma vimegawanyika 60 kwa 40, kwa hiyo ule ufa wa mgongo wa kiti hauko katikati. Ukipitisha mkanda wa kukifungia hapo, kizuizi kitakaa upande na mmoja atalalamika kaonewa. Kishikilie kwenye viegemeo vya kichwa kwa mikanda miwili, na chini kiingie kati ya sehemu ya kukalia na mgongo wa kiti. Usikifunge kwenye dari wala nguzo za milango: magari yenye mifuko ya hewa ya pembeni huifungulia huko juu. Halafu fanya jaribio moja: mwambie mdogo afumbe macho, ajifungulie mkanda mwenyewe kizuizi kikiwa mahali pake. Akipapasa bila kukipata kifungio, rudi kwa fundi.

Kuhusu usajili: wazo la kutenganisha abiria wa nyuma si jipya, Marekani wameshasajili mengi ya aina hiyo. Kinachoweza kulindwa ni namna yako mpya ya kukifunga au kukikunja. Tafuta kwanza kwenye Google Patents na Espacenet, tovuti za kutafutia uvumbuzi uliokwisha sajiliwa, ni bure, kisha nenda BRELA, wakala wa serikali wa usajili. Hataza (patent) ya BRELA inakulinda Tanzania Bara tu. Na kabla hujawasilisha maombi usikirushe kwenye mitandao, maana sharti la kwanza ni upya. Ndiyo sababu mchoro ulionitumia sikuuchapisha hapa.